Hesabu ya Aprili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
namkuta Tegwen ameegemea lango la chuma,
darubini ya marehemu mumewe shingoni,
kofia ya sufi imemeza nyusi.
"Umechelewa," anasema. Sijachelewa.
Ni yeye aliyewahi, kama kila Jumapili ya pili ya mwezi
tangu enzi nikiletwa hapa na baba,
nikilalamikia soksi zilizolowa.

Bwawa la Nant Hesg halijavua ukungu.
Ukuta wake wa mawe, uliojengwa kutuliza kiu
ya mji wa Waingereza ng'ambo ya mpaka,
unaanzia kwenye nyasi na kuishia kwenye weupe.
Tunatembea juu yake kama watoto wawili
waliotumwa dukani wakasahau cha kununua.

Tunaanza na wanaoonekana.
Bata mwitu kumi na wanne. Andika.
Bata bukini wawili, wagomvi. Andika.
Mnandi juu ya nguzo, mbawa kazianika
kama koti la kuazima. Andika.
Kibisi: yuko, hayupo, yuko kule.
"Mmoja," nasema.
"Wawili," anasema, na kabla sijabisha
wa pili anaibuka, gugu mdomoni,
kama aliyesikia akitajwa.

Macho yake hayajambo. Ni masikio.

Mwaka juzi ilimpotea sauti ya yule mdogo kuliko wote,
mwenye utepe wa dhahabu utosini,
anayelia ndani ya misunobari
kama sindano ipenyayo hariri.
Alidhani baridi imewamaliza.
Alinipigia simu usiku kunitangazia tanzia,
nami nilikuwa nimemsikia asubuhi ile ile
nyuma ya choo cha kanisa.

Tangu hapo tumegawana: yeye aone, mimi nisikie.
"Sasa?" anauliza chini ya misunobari.
"Analia."
"Wangapi?"
"Mmoja. Labda wawili."
"Labda haiandikwi."
Naandika mmoja.

Maji yameshuka mwaka huu.
Upande wa mashariki umetoka nje ukuta wa boma la kondoo,
na kizingiti, bila mlango, bila nyumba.
Nyanya yake alizaliwa hapo, au jirani na hapo;
baba ndiye aliyeniambia, si yeye.
Yeye anasema tu, "Pale pana tope zuri.
Angalia tope."

Naangalia tope.
Na kwenye kizingiti chenyewe
chekeamwezi anatikisa mkia,
anatikisa, anatikisa,
kama mtu anayekubali kila analoambiwa.
Wa kwanza mwaka huu. Amelala miezi ya baridi
kwenye mito ya kusini ambayo sitaiona,
amevuka jangwa, bahari, miji na taa zake,
na sasa amesimama mlangoni pa watu
wala habishi hodi.

Kisha anaruka, chini chini, mbawa zikitetemeka,
akipiga mluzi mwembamba juu ya maji.
Tegwen ameshusha darubini. Ameinamisha kichwa.
Namtazama yeye, simtazami ndege.
Mluzi ule uko mpakani; sijui kwake
mpaka umefika wapi msimu huu,
na swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Andika saa," anasema.
Saa moja kasoro dakika tisa.
"Andika: ameonekana."
Anafungua chupa ya chai, anamimina
kifuniko kimoja cha sisi wawili,
anakunywa kwanza, ananipa.
"Na amesikika," anasema. "Andika na amesikika."

Wino umeganda. Naipumulia kalamu.
Kasikia kwa masikio yake, au kasoma usoni pangu?
Naandika yote mawili, kwa mwandiko mbaya.
Chai haina sukari, kama kawaida yake.

Upepo umegeuka; ukungu unachanika vipande vipande.
"Haya," anasema, akijifuta pua kwa glavu,
"upande wa magharibi bado."